Mche Mmoja Katika Mkebe wa Rangi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipomwambia mume wangu maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka hushika shavu. Tulikuwa tukigombania mche wa mboga. Mche mmoja tu, uliomea ndani ya mkebe wa rangi, mlangoni pa chumba chetu cha kupanga pale mtaa wa Kongo, Kawangware, hapa Nairobi. Sogea karibu nikueleze, maana umekuja kuniomba mbegu, na mimi sitoi mbegu bila hadithi yake. Wenzako husema nyanya huyu ana maneno mengi. Kweli ninayo, lakini mbegu zangu huota.

Mimi ni Nekesa. Kwetu Ubukusu jina hilo hupewa mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mavuno. Nilizaliwa mahindi yakiingizwa ghalani, ila ghala lenyewe halikuwa letu, baba alikuwa akiwalimia watu. Nilipoolewa na Wafula nikakuta kipande cha kwao kimegawanywa kwa ndugu wanne, hata ukitema mate yanaangukia kwa shemeji. Kwa hiyo Wafula akaja Nairobi kuwa fundi wa mawe, kama vijana wengi wa kwetu baada ya uhuru. Mimi nikabaki nyumbani na binti yetu, Nanjala. Jina hilo nalo hupewa mtoto wa wakati wa njaa. Njaa ya mwaka ule tulikula mizizi, lakini kibuyu cha mbegu kilichoning'inia juu ya meko ya mama mkwe hakuna aliyekigusa. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Miaka ya sabini ikianza, ikaja habari kwamba Wafula ameanguka kutoka ghorofani kwenye kazi ya ujenzi na mfupa wa nyonga umevunjika. Nikambeba Nanjala mgongoni nikaja. Nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, fimbo mbili kando yake, amekonda, anacheka ili nisilie. Daktari alikuwa amesema hatabeba jiwe tena. Kazi aliyoijua ilikuwa mawe, na mimi niliyoijua ilikuwa jembe, na pale Kongo mlango ulitazamana na mlango, huna pa kupanda hata kitunguu.

Basi nikawa mfuaji. Asubuhi nilivuka barabara kuu kwenda kwenye nyumba zenye maua, nikibisha geti moja baada ya jingine nikiuliza kama kuna nguo. Siku nyingine zilikuwapo, siku nyingine nilirudi mikono mitupu nikampikia Nanjala uji mwepesi. Wakati huo huo shemeji mkubwa akatuma barua: rudini nyumbani, tutawatunza. Maneno matamu, mwanangu, lakini kutunzwa kule nilikujua. Ni kula mwisho, kuamka kwanza, na kuomba chumvi kama mtu anayeomba ng'ombe. Nilimwambia Wafula kwamba tukirudi hivi tulivyo, hatutainua kichwa tena. Yeye akaikunja ile barua akaiweka chini ya godoro.

Siku moja akaniambia anatamani saga. Unaijua saga, ile mboga chungu yenye majani kama vidole. Sisi huiita chisaka, Wajaluo huiita dek, na siku zile Nairobi watu waliojiona wamestaarabika waliiona ni magugu. Nikasikia pale mferejini kwamba Lindi, kule Kibera, yuko mama mzee Mjaluo anayeiuza mlangoni kwake. Nikaenda kwa miguu. Watu walimwita Dani, yaani nyanya, hata sisi tusio wa kabila lake. Nilipofika mboga ilikuwa imekwisha, limebaki fungu moja alilojiwekea la chungu chake.

"Umetoka wapi?" akaniuliza.

"Kawangware, Dani."

"Kwa miguu? Sababu ya dek?"

"Mume wangu ni mgonjwa. Ndiyo anayoitaka."

Akanipa fungu lake. Nami nilipolipokea akanishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akaona ngozi ilivyochubuka kwa sabuni.

"Hii mikono ni ya jembe," akasema. "Nani aliiweka kwa sabuni?"

Sijui kwa nini swali lile lilinitoa machozi. Dani hakunibembeleza. Alinipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha kijishamba chake kilichokuwa kama kitanda cha watu wawili, kimejaa saga hadi ukingoni. Kisha akaingia ndani, akatoka na kibuyu kidogo, akanimiminia mbegu zote kwenye pindo la leso yangu na kulifunga kwa mkono wake. Akaniambia nitafute mahali popote penye unyevu.

"Lakini tuta moja usiguse," akasema. "Mtu akilia, usiguse. Akikuimbia, usiguse. Hiyo ni mama ya mboga. Unangoja ikauke, unachukua mbegu, ndio unaweza lala."

Nikaitikia haraka haraka, kama mnavyoniitikia ninyi.

Mwenye nyumba wetu alikuwa ajuza wa Kikuyu tuliyemwita Cucu, ambalo nalo ni neno la nyanya. Nairobi ile ilinipa nyanya wawili wasio wa ukoo wangu. Cucu alikuwa na nduma zake, yaani magimbi, bondeni, kando ya kijito, na mgongo wake ulikuwa umeanza kukataa kuinama. Nikamwomba anipe ukingo mmoja wa bonde, nami nitampalilia nduma. Alipoona ninachopanda akacheka mpaka akashika kiuno.

"Watu wanang'oa hii kitu," akasema, "wewe unaipanda?"

Ikaota, mwanangu. Udongo wa bondeni ulikuwa mweusi na mzito, na mbegu za Dani hazikuwa na uvivu. Miche iliposongamana nikaanza kuipunguza, na siku moja Wafula akaniomba nimletee mmoja ninaoutupa. Alikuwa na mkebe wa rangi aliobaki nao tangu siku za kazi. Akautoboa kitako kwa msumari, akautia udongo, akaupanda ule mche na kuuweka karibu na ndoo yake. Kila asubuhi aliumwagia maji aliyonawia uso. Nilimwona nikafikiri, afadhali amepata cha kuchezea.

Saga hupenda kuchumwa. Ukiikata kichwa inatoa matawi, na kadiri unavyochuma ndivyo inavyokupa. Nilianza kuuza pale njiani, fungu hapa fungu pale, na habari zikaenea kwa akina mama wa kwetu na wa kule ziwani. Walikuja wakisema wamechoka na kabichi. Mmoja aliinusa mboga yangu kabla ya kuuliza bei, akafumba macho, nami nikajua alikuwa kwao. Nikaacha kubisha mageti. Nanjala akaingia shule akiwa na viatu. Jioni tulikula tukashiba, na Wafula akarudia utani wake wa zamani kwamba alioa mkulima akapata mfanyabiashara. Sikuwahi kuwa na furaha kama ya miezi ile, na labda ndiyo iliyonilevya.

Ikafika harusi ya binti wa mzee mmoja wa kanisa letu. Mama wa bibi harusi alikuja mwenyewe bondeni, amevaa vizuri, akasema hataki wageni wa kutoka kwetu Magharibi wale kabichi, anataka wale mboga ya Nekesa. Mwanangu, sifa ni kitu kibaya kwa mtu aliyezoea kubisha mageti. Nilichuma matuta yote, mboga ikawa bado haitoshi. Likabaki lile tuta la mama nililokuwa nimelitenga. Lilikuwa limeshatoa maua, vijiganda virefu vinaning'inia, bado ni vibichi, na chini ya maua kulikuwa na majani mengi laini. Nikasimama mbele yake kidogo. Nikajiambia kwamba Dani yuko, mbegu nitaomba tena, na harusi kama hii haiji kila wiki. Nikalikata lote, shina kwa shina.

Asubuhi ya harusi, nikitoka na gunia kichwani, nikauona mche wa Wafula mlangoni. Kwenye ule mkebe ulikuwa umenenepa ajabu. Vijiganda vyake alikuwa amevifunga kwa kitambaa alichokata kutoka kwenye shati lake la kazi. Nikainama niuchume majani nijazie gunia. Akauwekea kiganja juu.

"Huu uache, Mama Nanjala."

Nilikuwa na haraka, nilikuwa na kiburi, na ulimi hauna mfupa. Nikamwambia, "Wewe huwezi hata kujichotea maji, halafu unanizuia mimi ninayekulisha?"

Majirani walisikia. Kule Kongo kuta zilikuwa za udongo na kila kitu kilisikika. Wafula hakuuondoa mkono wake. Nikaenda harusini, nikasifiwa, nikala wali. Nakwambia kweli, ule wali ulinikwama.

Wiki mbili baadaye mvua za masika zikaja kwa fujo. Kijito kikapanda, kikala ukingo wangu wote, kikaacha matope na matambara ya watu wa juu. Nduma za Cucu zilisalia kwa kuwa nduma hupenda maji, lakini saga yangu iling'oka yote na mizizi yake. Sikulia. Nilikoroga uji, nikafunga leso, nikaenda Lindi kuomba mbegu nyingine. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilibeba sukari.

Nilipofika sikuijua nyumba. Nyuma yake, pale palipokuwa na kijishamba, palisimama safu ya vyumba vya kupanga, mabati mapya yanang'aa. Dani alikuwa ameketi mlangoni bila mboga yoyote mbele yake. Nikamweleza kuhusu mafuriko, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole, nyathina. Shamba itarudi. Mbegu ya ile tuta ya mama umeweka wapi?"

Nyathina ni mwanangu kwa lugha yao. Nikatazama chini, nikamwambia ukweli, kwamba lile tuta nililikata kwa ajili ya harusi, na kwamba nimekuja aniongeze mbegu nyingine. Dani akageuka akaitazama ile safu ya mabati.

"Zile nilikupa zilikuwa zote," akasema. "Niliona hawa watu wanapima pahali ya kujenga. Nikauliza roho yangu, nani ako na mikono ya kuweka hii mbegu? Mbegu ya mama yangu, nilitoka nayo kwetu. Halafu wewe ukakuja na miguu yako."

Nikaishika ile sukari kwa mikono miwili.

"Njaa ilikushika?" akaniuliza.

Nikainama kulifunga upya pindo la leso.

"Nauliza, Nekesa. Njaa ilikushika?"

"Hapana, Dani."

"Basi nini ilikushika?"

Mwanangu, nimekemewa na watu wengi katika maisha yangu, na baba mkwe aliwahi kunikemea mbele ya ukoo mzima. Hakuna aliyenipiga kama yule bibi kwa swali lile, na hakulisema kwa hasira. Nilikumbuka kibuyu cha mama mkwe juu ya meko, mwaka ule wa mizizi, mtoto akilia tumboni mwangu kabla hajazaliwa. Wenye njaa waliihifadhi mbegu. Mimi nimeila nikiwa nimeshiba. Nilimwachia ile sukari nikarudi Kawangware, na njia nzima nikijiambia kwamba sasa ile barua itatolewa chini ya godoro, na nitakwenda kuomba chumvi kwa shemeji kwa makosa yangu mwenyewe.

Wafula alikuwa mahali pake, juu ya ndoo.

"Dani amekupa?" akauliza.

"Hana. Zilikuwa za mwisho, na mimi nimezimaliza."

Nilingoja aseme, nilikuambia. Mimi ningesema. Yeye aliniomba nivue leso niitandaze chini. Akauvuta ule mkebe katikati ya miguu yake. Mche ulikuwa umekauka wote, umekuwa wa kahawia, na mimi katika siku hizo zote sikuwa nimeutazama. Akakifungua kile kitambaa polepole, akavisugua vijiganda kati ya vidole vyake vinene vya mawe, na mbegu nyeusi ndogo zikaanza kuanguka kwenye leso. Zilianguka nyingi kuliko nilivyodhani mche mmoja unaweza kubeba.

"Mbona hukuniambia ni wa mbegu?"

"Nilikuambia uuache. Mtu akishafika kupaka rangi, hasikii habari za msingi."

"Nani alikufundisha?"

"Ulinifundisha wewe. Siku ile uliyotoka kwa Dani ulinisimulia yote, mama wa mboga, tuta la kutoguswa. Wewe ulikuwa unapika. Mimi nilikuwa nasikiliza."

Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nyumbani kwangu aliyevunjika guu ndiye aliyesikia. Nilipiga magoti pale kwenye udongo nikamwambia, "Baba Nanjala, yale maneno ya siku ya harusi..."

"Yalikuwa mabaya," akasema. Hakunirahisishia. "Yalikuwa mabaya sana. Sasa lete jivu."

Nikaleta jivu, tukazichanganya mbegu, tukazitia kwenye kibuyu nilichokuja nacho kutoka nyumbani, tukakining'iniza juu ya jiko. Na hapa nikufunze kazi, kwa sababu wengi hukosea. Mbegu mbichi ya saga ukiipanda upesi hukukasirikia, haioti. Ni lazima ilale miezi kadhaa. Basi tulingoja. Nilirudi kwenye mageti, nikaitia mikono sabuni tena, na barua ya shemeji ikaja mara ya pili. Safari hii Wafula aliijibu mwenyewe. Aliandika kwamba tunashukuru, lakini kuna kitu kimelala hapa na hatuwezi kuondoka kabla hakijaamka. Shemeji alidhani tumepata mtoto.

Mvua za vuli zilipoanza, Cucu alinipa ukingo mwingine, wa juu kidogo, na safari hii hakucheka. Saga ikaota. Tuta la kwanza lililotoka lilikuwa la mama, na nililizungushia kamba ili mkono wangu mwenyewe usisahau. Lilipokauka nilijaza kibuyu, nikaenda Lindi kabla sijauza hata fungu moja. Dani alikipokea kwa mikono miwili. Akachota kidogo kwa vidole vitatu, akafunga kwenye pindo la leso yake, akanirudishia zilizobaki.

"Sina pahali ya kupanda," akasema. "Lakini hizi nitalala nazo. Hizo ingine rudi nazo. Sasa wewe ndio nyumba yao."

Sikufua nguo ya mtu tena tangu mwaka ule. Ukingo mmoja ukawa miwili, Cucu alipozeeka kabisa akaniachia bonde lake lote nililime, nikaongeza mboga nyingine za kienyeji, managu, mrenda na kunde. Akina mama wa Lindi walikuja kwangu kuchukua mboga, nami niliwapa mbegu wale waliokuwa na hata kipande cha kupandia. Wafula alikuwa mtunza mbegu, kazi yake hasa, na mikebe ya rangi mlangoni ikawa mingi hata watu wakauliza kama tunauza rangi. Baadaye tulinunua shamba kwetu, siyo kile kipande cha ndugu wanne, shamba letu wenyewe, na Wafula alikaa kwenye kiti akiwaelekeza mafundi walioijenga nyumba yetu, akiwatukana kwa kila jiwe lililokaa upande. Alifia humo, kitandani mwake, mimi nikimshika mkono. Nilimpenda yule mtu, mwanangu. Nilimpenda zaidi baada ya kumkosea.

Sasa sikiliza, kisha uende. Ukilima, tenga tuta la mama kabla hujatenga la soko, na ulitenge siku ambayo huna shida, maana siku ya shida hutaliona. Njaa ni rahisi kuitambua, na mwenye njaa huogopa. Jihadhari na shibe na sifa, kwa sababu hizo huja na nguo nzuri, hukuita kwa jina. Kila mtu ana kitu ambacho ni mbegu yake. Kwa mwingine ni ardhi, kwa mwingine ni jina lake, kwa mwingine ni mtu anayelala naye nyumba moja. Anayekuomba ukiuze, hata akiwa anakuimbia, mjibu kama Dani alivyonifundisha. Na usimpime mtu kwa maji anayochota. Mimi nilimpima wangu hivyo, na ndiye aliyekuwa ameshika msingi wa nyumba kwa kiganja kimoja.

Haya, nyosha leso. Sitaki unirudishie kitu, mpe mwingine kama nilivyopewa. Mungu wa mama zetu akutangulie shambani. Mvua ikunyeshee bila hasira, jembe lako lisikutane na jiwe, na mikono yako irudi kwenye kazi iliyoumbiwa. Ule ushibe, na ukishiba ukumbuke. Nimelifunga pindo mara mbili, usilifungue njiani. Na ukifika nyumbani, kabla hujashika jembe, tazama kama kuna mtu ameketi mlangoni. Kama yuko, mtafutie mkebe.